Kijani cha Sebule ya Kisarawe

Juzi mchana, nikiwa katika ofisi ya walimu hapa Kwala nasahihisha mitihani ya darasa la sita, Neema alituma picha kwenye kundi letu la ukoo. Ilikuwa picha ya ukuta. Katikati ya ukuta palikuwa na mabaka mawili ya rangi, makubwa kama masinia, yote ya kijani hafifu, na chini ameandika: "Wapendwa, hii ni sebule ya Kisarawe. Tupake ya kushoto au ya kulia?" Majibu yakaanza kumiminika. Binamu mmoja alisema kushoto, inapoza macho. Mwingine akasema kulia, kwa sababu ya kushoto itaonyesha uchafu. Wa tatu aliandika kwamba zote ni moja, Neema asitusumbue, watu tuko kazini. Mimi niliweka kalamu nyekundu mezani. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba Baba Mkubwa, baba yake Neema na mwenye nyumba ile, amezidiwa. Jana yake tu nilikuwa nimeuliza, nikajibiwa kama tunavyojibiwa siku zote: anaendelea vizuri, tumshukuru Mungu. Lakini ukoo wetu naujua. Sisi hatupaki rangi kwa sababu ukuta umechakaa. Ukuta unaweza kubanduka magamba na tukaupita tu kila siku. Tunapaka rangi watu wanapokuja, na watu huja kwa mambo mawili, harusi au msiba. Harusi hatuna.

Neema hana kosa. Mwaka ule ninaotaka kuusimulia yeye alikuwa mtoto, yuko shule ya bweni, na aliporudi alikuta ukuta umeshapakwa. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, nasubiri kupangiwa kituo, na katika ukoo wowote msichana anayesubiri kupangiwa kituo ndiye anayepangiwa wagonjwa. Nilipelekwa Kongowe, hapa Kibaha, kumwangalia Mama Mkubwa, mama yake Neema, ambaye alikuwa na uvimbe tumboni na ametoka kulazwa. Nilikwenda nikinung'unika. Wenzangu walikuwa wanazunguka mjini na sketi zao mpya, mimi nachemsha uji wa ulezi na kufua mashuka. Lakini nilimpenda yule mama, na nilimpenda zaidi mwaka ule kuliko nilivyowahi kumpenda mtu mwingine. Alikuwa na ulimi wa wembe na kicheko cha kukoholea. Na alikuwa na macho. Kazi yake maisha yote ilikuwa kufuma vitambaa vya makochi na kushona majoho ya kwaya, na nyuzi za rangi alikuwa akizitambua kwa mbali kama wengine wanavyotambua watoto wao. Ukimletea uzi wa zambarau uliopungua weusi kidogo, anakurudisha dukani na jua lako.

Nyumba ya Kongowe ilikuwa ya kupanga. Sebule ndogo, makochi makubwa, friji lililovishwa kitambaa cha kufuma kana kwamba nalo linasikia baridi, na kalenda ya kanisa iliyopitwa na wakati ambayo hakuna aliyetaka kuitoa kwa sababu picha yake ya mlima ilikuwa nzuri. Mama Mkubwa alilala chumba cha mbele, na mlango ukiachwa wazi aliona sebule yote na watu wote. Nyumba yao hasa ilikuwa Kisarawe, wameijenga polepole miaka mingi kwa mshahara wa Baba Mkubwa wa ukarani, ina bati, ina madirisha, sakafu imesakafiwa, lakini ukutani ilikuwa na chokaa tu. Chokaa ile ilikuwa mbaya. Ukiiegemea inakushika. Walipomzika babu pale, miaka kadhaa kabla, wanawake walikaa sebuleni siku zote za msiba wameegemea ukuta, na siku ya kuondoka walipanda lori la kijijini na migongo myeupe, nguo zao nyeusi zimechafuka kama magunia ya unga. Watu walicheka njia nzima. Baba Mkubwa alikisikia kile kicheko na hakukisahau, na kaka yake, Mzee Ananiya, alikikumbuka zaidi yake.

Mzee Ananiya alikuwa mzee wa kanisa na ndiye mkubwa wa ukoo, mtu mrefu, mkavu, anayefuta kiti kwa leso kabla hajakaa. Alikuja Jumapili moja baada ya ibada. Mama Mkubwa alikuwa amelala. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga dagaa, na jiko la Kongowe liligawanywa na sebule kwa pazia, kwa hiyo hakuna lililosemwa nisilolisikia. Baba Mkubwa alisema daktari amemwita pembeni. Alisema neno moja moja, kama mtu anayetoa miiba mguuni. Hakuna cha kukata tena, wampeleke nyumbani wamtunze. Mafuta yalikuwa yanalia kikaangoni. Kisha nikasikia sauti ya Mzee Ananiya.

"Mwenyewe anajua?"

"Hajui. Nitamwambiaje?"

"Asijue. Ukimwambia utamwua kabla ya siku zake." Akakohoa. "Sasa, ndugu yangu, Kisarawe kule kuna ile chokaa."

"Kaka, mtu yuko hai."

"Najua yuko hai. Nasema kuhusu ukuta. Watu watakuja, wanakwaya watakuja, mchungaji atakuja, wakae wapi? Utawatoa tena na migongo myeupe?"

Dagaa waliungua. Sikuwageuza. Nilisimama na mwiko mkononi nikimchukia yule mzee kwa moyo wangu wote, na kinachonikera mpaka leo ni kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akilia. Nilichungulia penye pazia nikamwona anafuta macho kwa leso ile ile ya kufutia viti. Alimpenda shemeji yake na alitaka azikwe kwa heshima, na heshima kwake ilikuwa ukuta usioshika nguo. Kisha wakaanza kutafuta la kumwambia mgonjwa, maana rangi ina harufu na mafundi wana midomo, na lazima angesikia. Ndipo Mzee Ananiya akasema, bila hata kufikiri sana, "Mwambieni kuna posa ya Salome. Wageni wanakuja."

Salome ni mimi. Nilikuwa sina mchumba, sina hata anayenikonyeza. Lakini jioni ile, nilipomwinua Mama Mkubwa anywe chai ya mchaichai, Baba Mkubwa alikaa ukingoni mwa kitanda akamwambia kwamba mwanao amepata mtu, mwalimu, kwao Njombe, na kwamba wazee wa mtu huyo wangependa kuja Kisarawe, kwa hiyo nyumba itapakwa rangi. Alisema yote hayo akitazama vidole vyake vya miguu. Mama Mkubwa alinigeukia. Uso wake ulifunguka, akanishika mkono, akasema, "Wewe! Mdomo wote huo na hukuniambia?" Wiki ile Mzee Ananiya alipokuja alimpongeza kwa kupata mkwe wa Moshi. Mama Mkubwa akamtazama, akamtazama na mumewe, akasema, "Huyu bwana ana baba wangapi?" Tulicheka sote kwa nguvu kuliko kichekesho kilivyostahili. Mimi nilikwenda uani nikamwaga maji machafu na kulia huko huko karoni.

"Kijani," alisema kesho yake. "Kama ni sebule, iwe kijani. Kile chepesi, cha kutuliza." Nikatumwa Maili Moja kwenye duka la rangi. Mwenye duka, mama mmoja mnene mwenye haraka, alinionyesha kadi ya rangi, nami nikaona kijani hafifu ziko mbili, jirani kabisa. Sikuweza kuamua, kwa hiyo nikamwomba anipakie kila moja kwenye kibao kidogo, nikarudi Kongowe na vibao viwili vinanuka kwenye kanga. Mama Mkubwa aliviweka juu ya mapaja, akaviinamia. Baba Mkubwa alipoviona alisema ni rangi moja. Wanawake wa jumuiya walipokuja kusali naye waliviona wakasema ni rangi moja. Mimi mwenyewe siku ya kwanza niliona moja. Lakini aliniketisha, akaniambia nisiangalie kibao, niangalie katikati ya vibao, na baada ya muda nikaona. Cha kwanza kilikuwa na umanjano kwa mbali sana, kama tango lililomenywa. Cha pili kilivuta kwenye bluu, na kilikuwa na ubaridi fulani ambao sikuupatia jina.

Basi akaanza kuchagua. Asubuhi nilivisimamisha dirishani, akavitazama na jua la upande ule. Adhuhuri nikavihamishia ukutani. Saa ya kuwasha taa nikavileta karibu na taa. Alikataa kusema. Alinituma Kisarawe na vibao vyangu, nikavishikilie kwenye ukuta wenyewe, niache milango wazi, nirudi nimweleze. Nilikwenda. Ile nyumba ilikuwa tupu, ina mwangwi, ina harufu ya popo na ya korosho zilizokuwa zimeanikwa barazani na jirani aliyetutunzia funguo. Nilisimama sebuleni peke yangu nikibandika kijani kwenye chokaa, mkono juu, kama mwendawazimu, na chokaa ikinidondokea kwenye nywele. Nilipoinamisha kichwa niliona pale katikati, kati ya mlango na dirisha, na nikajua kwamba ndipo watakapomlaza watu wapite kumuaga. Sikuweza kukaa mle ndani tena. Jirani alinipa mihogo na kisamvu cha nazi nikala barazani, nimeupa mlango mgongo. Niliporudi Kongowe nikamwambia zote zinapendeza, akanijibu kwamba sijaangalia.

Akasema tusubiri mvua, rangi huonekana vingine siku ya mvua. Mvua ikaja. Akasema sasa mbingu nyeusi mno, tusubiri ipungue. Kila Jumapili Mzee Ananiya aliingia, akafuta kiti, akamsalimia shemeji yake, akatoka nje na kumwuliza Baba Mkubwa kwa sauti ya chini, "Bado tu hajachagua?" Na Baba Mkubwa anajibu bado. Ilifika mahali wakawa wanaudhika. Nilisikia kwa masikio yangu, mimi napepeta mchele uani na wao wamesimama kwenye kona ya nyumba, Mzee Ananiya akisema, "Mwanamke huyu atatuaibisha, ataondoka ukuta ukiwa vile vile."  Baba Mkubwa alikuwa mtu mpole, na katika ukoo wetu mtu mpole ni yule anayekubali kila kitu na kuumwa kichwa baadaye. Jioni alikuwa akikaa kitandani kwa mkewe na kumlisha machungwa kipande kwa kipande, akimtolea mbegu, halafu anamwuliza kwa upole kama amefikia wapi kuhusu ile rangi. Naye anamwambia, "Baba Neema, rangi haichaguliwi siku moja."

Niliijua maana ya hayo asubuhi moja nikimpaka mafuta miguuni. Miguu ilikuwa imebaki mifupa. Redio ya jirani ilikuwa inaimba, na yeye alikuwa ametulia, macho yake kwenye vile vibao dirishani.

"Salome," akasema, "hivi huyo mwalimu wako wa Njombe na Moshi, unampenda?"

Nikasema, "Mama...".

"Basi. Usijitese." Akanipapasa kichwa. "Mimi kuchagua nilishachagua siku ile ile uliyovileta. Lakini nikisema tu, watapaka. Na wakishapaka watakuwa hawana kazi nyingine ila kuningoja."

Mafuta yalinimwagikia kwenye gauni. Nilimuuliza tangu lini anajua. Akasema tangu siku Baba Neema alipoanza kumtolea mbegu za machungwa, maana tangu amwoe hajawahi. Kisha akanishika kidevu akanikataza kuwaambia. "Wataona aibu, na mzee wa watu hajui aibu aiweke wapi. Waache. Niongezee siku kidogo tu." Hivyo ndivyo nilivyoishi miezi ile, nikibeba siri ya wakubwa kwa mgonjwa, na siri ya mgonjwa kwa wakubwa, na nikipika kwa ajili ya pande zote mbili. Kila nilipomsikia Mzee Ananiya akiuliza, nilijibu mimi kabla ya Baba Mkubwa: bado, anasubiri jua. Nilikuwa mwongo hodari, na sijutii hata neno moja.

Lakini Mzee Ananiya hakuwa mtu wa kusubiri jua. Alikwenda mwenyewe Maili Moja, akaonyeshwa zile kijani mbili, akanyooshea kidole iliyokuwa karibu na mkono wake, akachukua ndoo na fundi, wakaenda Kisarawe. Baba Mkubwa aliitwa baada ya kazi kuanza, naye akaenda kusaidia kupiga msasa, kwa sababu kaka yake amemwita. Alirudi Kongowe jioni amenawa mpaka viwikoni. Aliingia chumbani na chungwa lake, akakaa, akaanza kumenya. Mama Mkubwa alikuwa anamtazama. Akamshika kifundo cha mkono. Kwenye mkanda wa saa, pale kwenye tundu la mwisho, palikuwa na tone la rangi dogo kuliko punje ya mtama. Aliusogeza mkono ule mpaka kwenye mwanga wa dirisha akaugeuza huku na huku.

"Mmepaka ya pili," akasema.

"Mama Neema, zile rangi zinafanana kabisa."

"Kama zinafanana, mbona hamkupaka ya kwanza?"

 Baba Mkubwa aliinamisha paji la uso kwenye godoro, na mabega yake makubwa yakaanza kutikisika, na lile chungwa likadondoka likaviringika mpaka miguuni pangu. Mkewe alimwekea mkono kisogoni.  Nilitoka nikafunga mlango, jambo ambalo katika nyumba ile halikuwa limewahi kufanyika.

Alisema anataka kuiona. Wakamkatalia, akagoma kula, ikabidi likodiwe gari, tukamlaza kiti cha nyuma kichwa chake mapajani mwangu. Kisarawe tulimkuta Mzee Ananiya ametangulia, amesimama sebuleni na viatu vyake mkononi ili asichafue sakafu, na usoni ana furaha ya mtu anayengoja kusifiwa. Tulimwekea Mama Mkubwa kiti katikati. Harufu ya rangi ilikuwa inauma macho. Alizungusha shingo taratibu, ukuta kwa ukuta, na mimi nikaona kile nilichokuwa nimekosa jina lake kwenye kibao. Kilikuwa kijani cha wodini. Kuta nne zote zilikuwa kijani cha wodini, safi, baridi, zisizoshika nguo.

"Imependeza, shemeji?" Mzee Ananiya aliuliza.

"Imetulia," alisema Mama Mkubwa. Kisha akanyoosha mkono mwembamba akaonyesha sakafu, pale kati ya mlango na dirisha. "Mtaniweka hapa?"

"Shemeji! Maneno gani hayo?"

"Basi lile kabati mlihamishe, jeneza halitapita. Na turubai mfunge upande wa mkorosho, wanaume wapate kivuli." Alikuwa akisema kama mtu anayepanga viti vya kipaimara. "Shemeji, usilie. Umepaka vizuri, hakuna atakayechafuka. Ila rangi hii nimeitazama wodini mpaka nikaijua kila ufa wake. Nilitaka siku nikitoka wodini niwe nimetoka."

Mzee Ananiya alijaribu kusema kwamba wangeipaka upya. Mama Mkubwa alikataa, akasema inatosha, lakini yeye harudi tena Kongowe kwenye nyumba ya watu. Kama kusubiri, tusubirie hapa wote. Tukahamia. Nami nilikwenda Maili Moja nikanunua kopo dogo la ile ya kwanza, nikampakia ukuta mmoja tu, ule wa chumbani unaotazamana na kitanda. Nilipaka vibaya, brashi ikaacha michirizi, pengine nzito pengine nyepesi. Alilala akinitazama toka mwanzo hadi mwisho. "Kama unapaka siagi kwenye mkate wa jana," akaniambia. Lakini alasiri jua lilipoingia na kuupiga ukuta ule, chumba kikawa na mwanga wa ndani ya jani changa la mgomba, na sura yake ikalegea. Alisema, "Unaona sasa?" Nikasema naona. Niliona kweli.

Na hakufa. Hilo hawakulitarajia. Tulipaka, tukakaa kusubiri, na yeye akala mihogo, akala mananasi, akafuma nusu ya kitambaa, akanifundisha mafundo niliyokuwa nayakwepa tangu utotoni. Mvua zikapita, mikorosho ikachanua. Mzee Ananiya alikuja kila wiki na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kukagua kuta. Watu walikuwa wanakuja kumwona mgonjwa, wanakaa, wanaegemea, na mafuta ya nywele yanaacha duara nyuma ya kila kiti; watoto wa jirani wanashika kona wakipita. "Msiguse ukuta!" alikuwa akifoka, na Mama Mkubwa kutoka chumbani anacheka mpaka anakohoa. Nadhani zile ndizo siku za furaha za mwisho katika nyumba ile, na zilikuwa siku za kusikitisha sana, na siwezi kuzitenganisha.

Aliondoka asubuhi, uji ukiwa unapoa kwenye kibakuli, amegeukia ukuta wake. Kabati lilihamishwa. Turubai lilifungwa upande wa mkorosho. Wanawake walikaa sebuleni kwenye magodoro, wameegemea ukuta siku zote za msiba, na hakuna aliyeinuka na mgongo mweupe. Nilisikia wakisema kwa sauti ya chini kwamba nyumba imependeza, familia imejitahidi. Mmoja wa wanawake wa jumuiya alinivuta kando akaniuliza mchumba wangu wa Njombe amekaa wapi, ampe pole. Nilimwambia amechelewa usafiri. Nilikuja kuolewa miaka mingi baadaye na mtu wa Handeni, na hakuna aliyepaka chochote.

Kwa hiyo juzi, kura za kushoto na kulia zilipokuwa zinaendelea, niliandika kwenye kundi maneno matatu: "Mmemuuliza Baba mwenyewe?"  Watu wale ambao hawawezi kunyamaza hata kwenye sala walinyamaza. Baada ya kitambo Neema akanipigia simu kutoka kazini kwake Zegereni, mashine zinanguruma nyuma yake, analia. "Dada Salome, nimuulizeje? Akiuliza tunapaka kwa nini, nitamwambia nini? Tumesema tumwambie ni kipaimara cha mwanangu." Nilitaka kucheka. Mzee Ananiya amekwisha kufa, lakini kumbe tulimzika yeye tu. Nikamsimulia Neema habari ya mama yake, yote, tone la rangi kwenye mkanda wa saa na ukuta wa chumbani ambao yeye amelala akiutazama likizo zake zote bila kujua nani aliupaka wala kwa nini. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Njoo basi umuulize wewe."

Jana nilikwenda Kongowe, ambako Baba Mkubwa alirudi kupanga tangu aanze kuugua, awe karibu na Neema. Nilipita kwanza kwa Neema nikachukua vipande viwili vya boksi alivyovipaka zile rangi. Baba Mkubwa alikuwa barazani kwenye kiti cha kulalia, amefunikwa shuka, amekuwa mdogo. Mkanda wa saa umetobolewa tundu jipya, mbali kabisa na yale ya zamani.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na kwaya?"

"Nimekuja peke yangu." Nikamwekea vile vipande mapajani. "Ni za sebule ya Kisarawe. Wewe ndiye wa kuchagua."

Alivitazama. Alinitazama mimi. Sikuyakwepa macho yake, ingawa nilitamani sana kuyakwepa, na nikaona jinsi jambo lilivyoingia ndani yake, likashuka, likakaa. Hakuuliza kwa nini tunapaka. Alipitisha kidole kwenye rangi moja, kisha kwenye nyingine.

"Ile aliyoitaka mama yenu," akasema, "ni mojawapo ya hizi?"

"Ndiyo, Baba. Ni hii..."

"Usinionyeshe." Akafunika vipande vyote viwili kwa viganja. "Safari ile sikuangalia. Niachie. Nitaitafuta mwenyewe."

Nikamsogezea kiti chake penye mwanga. Nikavisimamisha vile vipande kwenye ukuta wa baraza mbele yake, nikamwambia asiangalie rangi, aangalie katikati. Akatikisa kichwa kwamba amesikia. Jua lilikuwa bado juu. Nilikaa kwenye ngazi, karibu na miguu yake, nikatoa simu, nikaandika kwenye kundi la ukoo: "Baba bado anachagua. Mtu asishike brashi."